Nani Kapita Hapa? Wageni wa Ukurasa Mdogo na Milango Wanayoingilia

Kuna miaka ambayo mtu aliyeandika kwa Kiswahili mtandaoni, akifungua takwimu zake, alishangaa kukuta wasomaji wengi wako Norway. Wapo waliofurahi, wakidhani ni vijana wetu waliokwenda kusoma Oslo na Bergen. Ukweli ulikuwa wa kawaida zaidi. Kivinjari cha Opera Mini, kilichotolewa Norway mwaka 2005 na kusambazwa duniani mwaka uliofuata, kilizipitisha kurasa kwenye seva za kampuni yake ili zibanwe kabla ya kufika kwenye simu. Kwa mwenye Nokia ndogo na vocha ya bei ya chini kabisa, Opera Mini ndiyo iliyokuwa intaneti yenyewe. Aliyebisha hodi kwenye ukurasa alikuwa seva ya Opera. Msomaji wa Songea au Kakamega alikuwa nyuma yake, haonekani.

Ndani ya kisa hicho yamo karibu matatizo yote ya jambo hili. Mwenye ukurasa mdogo, wa makala zake, mashairi yake au mapishi ya bibi yake, huuliza maswali matatu kwa pumzi moja: ni wangapi, wamefikaje, na ni akina nani. Takwimu humjibu yote kwa uhakika uleule, ilhali majibu hayalingani uzito. Idadi ni ya kutiliwa shaka, hasa ukurasa ukiwa mdogo. Mlango alioingilia mgeni unaweza kujulikana vizuri kiasi, na ndiyo habari yenye faida kwa mwandishi. Swali la nani, mashine hulijibu vibaya kwa wengi na vizuri kupita kiasi kwa wachache, nami nitadai kwamba ni heri kumwachia msomaji alijibu mwenyewe.

Waandishi na watangazaji wa zamani walikuwa na hali iliyo kinyume. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwajua wasomaji wake kwa barua na mashairi yao. Mtu akitoa hoja kwa beti, mwingine wa mbali humjibu katika toleo la baadaye, na chini ya shairi pana jina na mahali. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza Juni 1957, nayo ilitegemea barua, na redio zetu za taifa zilipokea kadi za salamu zilizomtaja mtumaji, kijiji chake na msururu wa ndugu na jamaa wa kusalimiwa. Asiyeandika hakujulikana hata kidogo. Aliyeandika alijitambulisha mpaka ukoo. Mtandaoni mambo yamegeuka: kila apitaye huacha alama, atake asitake, na alama hiyo haina jina wala kijiji.

Alama yenyewe ni mstari mmoja wa maandishi. Kifaa kinapoomba kitu kwenye seva, seva huandika anwani ya IP ya aliyeomba, tarehe na saa, ukurasa ulioombwa, kama ulipatikana au haukupatikana, ukubwa wake, ukurasa aliotoka mgeni, na maelezo ambayo kivinjari kimeyatoa chenyewe kuhusu simu au kompyuta iliyotumika. Mpangilio huo umerithiwa kutoka programu ya seva iliyotengenezwa katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois mwanzoni mwa miaka ya 1990, na haujabadilika sana tangu hapo. Kasoro yake ni kwamba unaorodhesha maombi. Makala yenye picha sita huzaa mistari saba au zaidi kwa msomaji mmoja, ndiyo maana enzi zile mtu alipojigamba kwa hiti elfu kumi, wasomaji wenyewe walikuwa sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Mwaka 1995 Stephen Turner wa Cambridge alitoa Analog, programu ya kuisoma mistari hiyo na kuipangia hesabu. Zikafuata Webalizer, AWStats na, karibuni zaidi, GoAccess, ambayo mtu huiendesha mwenyewe bila kumpa kampuni yoyote habari za wageni wake.

Njia ya pili iliwafaa wasio na seva yao. Unabandika kipande cha skripti ndani ya ukurasa. Ukurasa ukifunguka, kivinjari cha msomaji kinapeleka taarifa kwa anayehesabu. Blogu za Kiswahili za mwanzo zilikulia katika utaratibu huo. Ndesanjo Macha alipoanzisha Jikomboe mwaka 2004, na Muhidin Issa Michuzi alipoanza blogu yake 2005, jukwaa la Blogger halikuwa bado na takwimu zake za ndani, ambazo zilikuja 2010. Kwa hiyo pembeni mwa kurasa nyingi za miaka ile palikaa kaunta ya tarakimu, au ile ya bendera iliyoonyesha kila nchi na idadi ya wageni wake. Bendera mpya ikiingia, hasa ya nchi ambayo mwenye blogu hakuwa na ndugu huko, ilikuwa habari ya kuandikiwa aya. Mwaka huohuo wa 2005 Google iliinunua kampuni ya Urchin, na ilipofika Novemba ikaitoa Google Analytics bure. Kitu kilichokuwa kikilipiwa na makampuni kikawa mikononi mwa kila mtu, pamoja na michoro, asilimia na misamiati yake ya biashara.

Urithi huo wa biashara haujasemwa vya kutosha. Zana hizi zilibuniwa kwa ajili ya duka: mtu kaingia, katazama bidhaa, kaongeza kwenye kikapu, kalipa au kaondoka. Mwandishi wa insha akizitumia hupewa vipimo vya muuzaji. Mfano mzuri ni muda wa kukaa. Katika toleo la Google Analytics lililodumu mpaka Julai 2023, muda ulipatikana kwa kutoa saa ya ukurasa wa kwanza kwenye saa ya ukurasa uliofuata. Aliyefungua makala moja, akaisoma nusu saa nzima kwa makini, akafunga simu na kwenda kulala, hakuwa na ukurasa uliofuata. Aliandikiwa sekunde sifuri na kuwekwa kwenye kundi la walioingia na kutoka. Msomaji bora kabisa ambaye mwandishi angeweza kumwomba Mungu alihesabiwa sawa na aliyekosea kubofya. Toleo jipya limerekebisha hesabu hiyo kwa kiasi, lakini miaka mingi ya kukatishwa tamaa ilikuwa imeshapita.

Ukiziweka njia hizo mbili sambamba juu ya ukurasa mmoja, hazitapatana. Skripti huwakosa waliozuia matangazo na ufuatiliaji, na huwakosa wenye mtandao wa kusuasua waliosoma maandishi kabla skripti haijashuka. Mistari ya seva huwapata hao wote, lakini huwapata pia wasio watu. Na wasio watu ni wengi. Kampuni ya usalama ya Imperva, ambayo hupima mambo haya kila mwaka, ilikadiria kwamba mwaka 2024 roboti zilifanya asilimia 51 ya safari zote za mtandao, mara ya kwanza katika muongo mmoja kuwapita binadamu. Hilo ni la mtandao mzima. Kwa ukurasa mdogo hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu roboti haijali umaarufu wa mtu: inapita nyumba kwa nyumba, na penye wasomaji wachache yenyewe ndiyo hujaza orodha.

Si zote zenye nia mbaya. Googlebot na Bingbot zikiacha kuja, hutapatikana katika utafutaji. Kisha kuna za kampuni zinazouza takwimu za viungo, kama AhrefsBot, na tangu 2023 kuna kundi jipya linalokusanya maandishi ya kufunzia mifumo ya lugha, GPTBot ikiwa miongoni mwa zile zinazojitaja. Wezi nao wana mwenendo wao unaotambulika: wanaomba ukurasa wa kuingilia wa WordPress hata kama hutumii WordPress, mara hamsini kwa dakika, wakitumaini pana mlango uliosahauliwa wazi. Ukiona katika takwimu zako wageni wengi wa Ashburn huko Virginia, Boardman huko Oregon au Council Bluffs huko Iowa, usihangaike kufikiria ni nani anayeijua lugha yetu huko. Hiyo ni miji yenye majumba makubwa ya kompyuta za kampuni zinazokodisha seva.

Kuna utapeli mmoja unaowalenga hasa wenye kurasa ndogo, na ni wa kisaikolojia. Kwa kuwa mstari wa seva hutaja ukurasa aliotoka mgeni, na kwa kuwa taarifa hiyo hutolewa na mgeni mwenyewe, mtu anaweza kudanganya. Miaka ya 2000 wadanganyifu walitafuta kurasa za takwimu zilizoachwa wazi, ili anwani zao zionekane humo na Google izihesabu kama viungo. Baadaye walibaki na lengo moja tu: mwenye blogu aone tovuti ngeni ikimletea wageni arobaini, ajawe na furaha kwamba kuna mtu kamtaja, abofye. Kurasa za Blogger ziliandamwa sana na balaa hili, na jina la Semalt lilijulikana karibu kwa kila aliyekuwa na takwimu mwaka 2014. Wanaijua kiu ya mtu anayeandika peke yake, wakaitega.

Kuhusu mahali, uhakika ni mdogo kuliko ramani inavyodai. Anwani ya IP haina digrii za dunia ndani yake. Kuna kampuni zinazokisia, kwa kuangalia anwani imesajiliwa na nani na wapi. Kwetu wengi huingia kwa bando la simu, na mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi sana nyuma ya anwani moja. Msomaji wa Kigoma huonekana yuko Dar es Salaam, wa Lodwar akaonekana Nairobi, na siku ya pili anwani imebadilika. Madhara ya kuyaamini makisio hayo yalionekana Marekani. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Kashmir Hill alieleza jinsi shamba moja karibu na mji mdogo wa Potwin, Kansas, lilivyoandamwa kwa miaka na polisi, wakusanya madeni na watu wenye hasira. MaxMind, mojawapo ya kampuni hizo za kukisia, iliposhindwa kujua anwani fulani iko sehemu gani ya Marekani, iliiweka katikati ya nchi kwa digrii zilizokaribishwa kuwa nambari kamili, na nukta hiyo ikaangukia shambani mwa watu. Anwani za IP zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimeegeshwa hapo. Mwenye blogu anayesema ana msomaji mwaminifu Kansas afikirie shamba hilo kwanza.

Ukishatoa roboti, ukatoa waongo, ukatoa ramani, unabaki na wachache. Kwa kurasa nyingi za watu binafsi wanaobaki ni kumi, thelathini, pengine mia kwa siku. Hapo ndipo hesabu za asilimia zinapogeuka mzaha: wasomaji wakitoka wanne hadi wanane, chombo kitatangaza ongezeko la asilimia 100 kwa mshale wa kijani. Lakini uchache huo una neema ambayo tovuti kubwa hazina. Mistari ya siku nzima inaweza kusomwa kwa macho, mmojammoja, na ukiisoma hivyo milango inaanza kuonekana.

Mlango mkubwa kwa walio wengi ni utafutaji. Zamani ulikuwa wazi kabisa: mtu akitoka Google, mstari ulionyesha hata maneno aliyoyaandika. Oktoba 2011 Google ilianza kuyaficha kwa walioingia kwenye akaunti zao, na kufikia mwisho wa 2013 yalikuwa yamefichwa karibu kwa wote. Kilichobaki ni Search Console, chombo cha Google chenyewe kinachomwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyomleta mtu, mara ngapi ukurasa ulionyeshwa na mara ngapi ulibofywa, kwa miezi 16 ya nyuma. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno hayaorodheshwi, ili kulinda faragha, na kwa ukurasa mdogo hayo ndiyo mengi. Hata hivyo, kama mwenye ukurasa ana nafasi ya kufungua kitu kimoja tu, ningemwambia afungue hiki na kuachana na michoro mingine yote.

Sababu ni kwamba hapo anasikia watu wakisema kwa maneno yao. Fikiria mtu aliyeandika insha ya kufurahisha nafsi yake kuhusu riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Anadhani anasomwa na wapenzi wa fasihi. Maneno ya utafutaji yatamwambia jambo jingine: maswali na majibu, dhamira, sifa za wahusika, mbinu za lugha. Wasomaji wake ni wanafunzi wa kidato cha nne wa Kenya, na mchoro wake unapanda kuelekea mtihani wa KCSE wa Novemba, kisha unaporomoka Desemba kama vile kila mtu amekufa. Kitabu kikibadilishwa katika mtaala, kama Chozi la Heri na Kigogo ya Pauline Kea vilivyowapisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, wasomaji wa insha ile huondoka kwa pamoja, bila kosa lolote la mwandishi. Asiyejua mlango huu anaweza kujilaumu bure kwa kudhani kalamu imechacha. Anayeujua ataamua: ama awaandikie watoto hao kitu cha kuwafaa kweli, ama akubali kwamba wageni wake ni wa msimu.

Katika orodha hiyo kuna pia maneno yanayoonyesha ukurasa mara nyingi bila kubofywa. Mara nyingi maana yake ni kwamba kichwa cha habari kimemzidi mtafutaji. Sisi waandishi tunapenda vichwa vya mafumbo. Anayetafuta namna ya kuondoa chumvi iliyozidi kwenye mchuzi hatabofya palipoandikwa kwamba ya kale hayanuki.

Facebook na ndugu zake ni mlango unaojitangaza wenyewe. Wageni huja na jina la mtandao huo kwenye mstari, na tangu 2018 Facebook hubandika mkia mrefu wa herufi mwishoni mwa kila kiungo. Utajua wametoka Facebook. Hutajua wametoka ukurasa wa nani wala kundi gani. Wimbi lao hupanda saa chache na kukata, na sijaona faida kubwa ya kulichambua zaidi ya hapo.

Mlango mgumu, na kwetu nadhani ndio mkubwa kuliko unavyoonekana, ni WhatsApp. Kiungo kikibofywa ndani ya programu ya ujumbe, kwa kawaida hakiambatani na taarifa ya kilikotoka. Msomaji anatua kana kwamba ameiandika anwani nzima kwa mkono, na takwimu humweka kwenye fungu la waliokuja moja kwa moja. Mwaka 2012 Alexis Madrigal aliandika katika jarida la The Atlantic kwamba sehemu kubwa ya usambazaji wa makala hupita katika giza hilo la barua pepe na ujumbe wa faragha, huku watu wakisifia mitandao ya kijamii kwa sababu tu ndiyo inayoonekana. Alikuwa akiangalia Marekani. Kwa nchi ambazo ukoo, kwaya, kamati ya harusi, chama cha kuweka na kukopa na wazazi wa darasa la tatu wote wana makundi yao ya WhatsApp, hoja yake ina nguvu zaidi.

Bahati ni kwamba giza hilo lina ufa. Mtu anapobandika kiungo kwenye ujumbe, WhatsApp huchungulia ukurasa ili itengeneze kile kijisanduku chenye picha na kichwa cha habari, na uchunguliaji huo hufanywa na simu ya mtumaji. Kwenye mistari ya seva, si kwenye skripti, panaonekana ombi lililojitaja kwa jina la WhatsApp. Likifuatwa dakika chache baadaye na wageni kumi na watano wa simu, wote wa makala moja, wote bila chanzo, umeshuhudia kundi likipokea makala yako. Hutajua ni kundi gani. Ujumbe ukifowadiwa kwa kawaida hubeba kijisanduku chake tayari, kwa hiyo alama hii huonyesha waliobandika upya, siyo waliopitisha. Telegram na Facebook nazo huchungulia, ila kwa seva zao wenyewe, kwa hiyo humo hupati hata dalili ya mahali.

Anayetaka kuona vizuri zaidi anaweza kuweka alama kwenye kiungo kabla ya kukituma: nyongeza ndogo mwishoni mwa anwani, zile zinazoanza na herufi UTM, ambazo U yake ni ya Urchin, kampuni ile iliyomezwa na Google. Kundi la wanakijiji lipewe alama moja, kundi la waliosoma pamoja lipewe nyingine. Inafanya kazi. Lakini kiungo husafiri na alama yake. Baada ya wiki, mtu wa Toronto atabofya kiungo kilichoandikwa kuwa ni cha kundi la wanakijiji, na utahesabu kijiji kimekua.

Viungo kutoka kurasa za watu wengine, ambavyo miaka ya 2000 ndivyo vilivyokuwa mishipa ya damu ya blogu, vimekonda. Kila mwenye blogu alikuwa na safu ya majina ya wenzake pembeni, na mgeni akitoka kwa jirani ulijua mpaka makala aliyotokea. Google ilipoifunga Reader, kisomaji chake cha blogu, Julai 2013, mazoea ya kufuatilia blogu kwa utaratibu yalipata pigo ambalo hayajapona. Kisha kuanzia 2020 kivinjari cha Chrome, na mwaka uliofuata cha Firefox, vilianza kutaja tovuti tu na kuficha ukurasa wenyewe. Unajua umetajwa mahali fulani ndani ya tovuti yenye kurasa laki moja. Kazi ya kutafuta ni yako. Kwa faragha ya msomaji ni hatua njema, nami siipingi. Waliobaki na visomaji vya blogu wana ustaarabu mmoja wa kupendeza: Feedly, inapokuja kuchukua makala mpya, hutaja ndani ya mstari kwamba inawawakilisha wasomaji kadhaa waliojiandikisha. Inabisha hodi mara moja na kusema tuko kumi na sita.

Hayo ndiyo ya njia. Linabaki la nani, na hapa uchache unaanza kuuma.

Tovuti kubwa huwaficha wasomaji wake ndani ya umati. Mmoja kati ya laki tano hana sura. Kwenye ukurasa wa watu thelathini, mgeni mmoja wa Muscat, mwenye simu ya aina fulani, anayekuja Ijumaa usiku na kufungua kwanza mashairi, si siri kwa mwandishi mwenye shangazi Muscat. Ataweza kujua shangazi amesoma lini, amesoma nini, na kwamba ile makala ya mirathi ya familia ameifungua mara tatu na hakusema kitu. Shangazi hakukubali kujulikana hivyo. Alifungua ukurasa, basi. Hakuna sheria iliyovunjwa katika kuangalia mistari ya seva yako, lakini kuna adabu, na programu hizi hazikufundishwa adabu.

Wala haiishii kwenye udadisi wa kifamilia. Kilichohifadhiwa kinaweza kudaiwa. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa Dar es Salaam na kufikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kiini cha mashtaka kilikuwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji walioandika kwa majina ya kubuni. Kesi zilimburuza miaka. Jukwaa lile ni kubwa na la kisiasa, na mwandishi wa mapishi hana sababu ya kuwaza rumande. Lakini kanuni ya ghala ni ileile kwa wote: orodha ya anwani za IP na saa zake, ikikaa miaka mitano kwenye seva ya bei nafuu, ni orodha ya nani alisoma nini, na mwenye nayo hawezi kujua kesho itatakiwa na nani.

Sheria mpya zinaelekea upande huohuo. Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Ulaya, ambako pia wapo wasomaji wa Kiswahili, kanuni zake zimekuwa na meno tangu Mei 2018, na mwanzoni mwa 2022 mamlaka za Austria na Ufaransa zilitamka kwamba matumizi ya Google Analytics katika mashauri yaliyofikishwa kwao yalikiuka kanuni hizo, kwa kuwa taarifa za wasomaji zilipelekwa Marekani. Kutokana na msukumo huo zimekua zana za kuhesabu kwa kiasi. Matomo, iliyoanza kwa jina la Piwik mwaka 2007, huwekwa kwenye seva ya mwenye tovuti. Plausible na GoatCounter hazitumii vidakuzi kabisa. Plausible humpa mgeni utambulisho wa fumbo unaobadilishwa kila siku, kwa hiyo aliyekuja jana akirudi leo anahesabiwa mpya. Gharama yake ni kwamba hutajua kamwe una wasomaji wangapi kwa mwezi. Kwa maoni yangu gharama hiyo inalipika. Idadi ya mwezi tulishaona haiaminiki hata inapotolewa, na milango, ambayo ndiyo yenye maana, zana hizi huionyesha sawa na skripti nyingine.

Anayetaka kujua nani, na aulize. Chini ya makala paandikwe anwani ya barua pepe na swali mahususi, maana "toa maoni yako" halijawahi kumfungua mtu kinywa. Ukiandika kuhusu dagaa na kuuliza kwenu huitwaje na hukaushwaje, watakuja wa Ukerewe, wa Kilwa na wa Bukavu, na kila mmoja atataja kwao bila kuombwa, kama walivyofanya wale wa kadi za salamu.

Wakati huohuo mlango mwingine umefunguka ambao hesabu zetu hazijaupatia fungu. Mtu anauliza swali kwenye ChatGPT, na mfumo, ili umjibu, unakwenda wenyewe kuusoma ukurasa wako papo hapo. Mstari wa seva humtaja mgeni huyo kwa jina la ChatGPT-User, tofauti na GPTBot inayokusanya ya kufunzia. Ni roboti, kwa hiyo vyombo vingi vya kuhesabu havitaiweka kwenye hesabu ya wasomaji. Lakini nyuma yake yupo binadamu mmoja, aliyetaka jambo mahususi, dakika ileile, na akalipata kutoka kwako bila kuliona jina lako, isipokuwa akibofya kiungo kilichotajwa ndani ya jibu. Akifanya hivyo anakuja na alama inayosema ametoka chatgpt.com. Ukiufunga mlango huu, unamfungia na yule aliye nyuma. Ukiuacha wazi, unasomwa na watu ambao hawataingia katika hesabu yako yoyote, tena bila hata bendera ya Norway. Mimi ningeuacha wazi, na mistari hiyo ningeihesabu pembeni, katika safu yake yenyewe.